Upande wa Nje wa Uzio Wako

Ndugu zangu wa Singida, msimu wa kujenga umeshaingia. Alizeti zimepigwa na kuuzwa, vitunguu vimepakiwa kwenye malori, na aliyebakiwa na chochote baada ya ada za shule na madeni ya dukani sasa anakiangalia kiwanja chake na kuwaza uzio. Mitaani malundo ya mchanga yamekula nusu ya njia. Ukipita Mandewa, Misuna au Utemini asubuhi, utasikia makoleo yakikwangua zege kabla chai haijachemka. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, na kila mwenye tofali anataka ukuta uwe umesimama kabla wingu la kwanza halijatokea.

Nina ombi kwenu. Kabla fundi hajagusa jembe, ombeni kibali.

Najua jibu lenu, maana nililitoa mimi mwenyewe miaka kadhaa iliyopita. Kibali cha nini, na hii si nyumba? Fundi wangu alilisema vizuri zaidi: "Bosi, uzio si ghorofa. Ukiisubiri hiyo karatasi, saruji itapanda bei." Nikaona ana hoja. Kiwanja changu kina mita 20 kwa 25. Bikoni mbili za mbele zilikuwa zinaonekana, moja ya nyuma ilikuwa imefukiwa, na ya nne hatukujisumbua hata kuitafuta. Fundi akafunga kamba kwenye bikoni ya mbele, akaivuta hadi kwenye mwarobaini ulioko nyuma, akafumba jicho moja, akasema pamenyooka. Siku ya tatu msingi ulikuwa umeshamwagwa zege na kozi tatu za tofali zimepanda upande mzima.

Alasiri ile alikuja bibi anayekaa nyuma yangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mjukuu wangu, kisha akanyamaza. Akautazama ukuta. Akakitazama kichochoro kilichobaki kati yangu na jirani wa pili, njia pekee ya kufikia kwake. Halafu akainua fimbo yake ya kutembelea na kuilaza: ncha moja ikagusa tofali zangu, ncha ya pili ikagusa ukuta wa yule jirani. Fimbo ilienea pale kama kipimo kilichotengenezwa makusudi.

"Siku nikifa," akaniuliza bila kupandisha sauti, "watanipitisha wapi?"

Jeneza huwa linabebwa na watu pande zote mbili. Jaribu kuwapanga vichwani mwako kwenye njia ya upana wa fimbo.

Mtendaji wa mtaa aliitwa, mpimaji akaja, na bikoni iliyofukiwa ikapatikana mita moja na sentimita 20 upande wa ndani wa mwarobaini. Ukuta wangu ulikuwa umeanza sawa mbele na kuzidi kupotoka kila ulipokwenda nyuma, mpaka ukamega njia ya watu. Tukabomoa. Tofali zaidi ya 160, na nusu yake hazikufaa tena isipokuwa kujazia shimo. Fundi alilipwa kwa kujenga, akalipwa tena kwa kubomoa, na sijasikia mpaka leo kama saruji ilipanda bei.

Basi ninayewaita ofisini ni mkosaji mwenzenu, msinione kama mtu wa kuhubiri.

Sisi ni watu wa minyaa. Nendeni Unyaturu yote, boma la zamani lilijulikana kwa ukuta wa minyaa mibichi uliolizunguka. Mtoto alifundishwa mapema kutokuikwanyua, kwa sababu utomvu wake mweupe ukiingia jichoni utalia mchana kutwa. Babu yangu alipopanda minyaa alikata vipande, akavisimika kwenye udongo, na kazi ile aliifanya jirani akiwa amesimama pale, huku wakizungumza mambo ya mbuzi. Ule ndio ulikuwa mwito wa mashahidi, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Mnyaa ulipokosewa, ulikatwa na kupandwa tena hatua mbili ndani. Mvua iliponyesha, maji yalipita katikati ya mashina yakaenda zake.

Ukuta wa tofali hauna huruma hiyo. Kwa kiwanja kama changu, mzunguko ni mita 90. Ukijenga kwa kimo cha mita 2, hizo ni mita za mraba 180, na kila mita ya mraba inakula kama tofali 10. Ukiacha nafasi ya geti, bado unazungumzia tofali zinazokaribia 1,800. Tofali moja nzito ya saruji ya inchi 6 ina kilo 30 hivi, asiyeamini akaibebe. Zidisha, na utaona kwamba umezungusha zaidi ya tani 50 kando ya njia wanamopita watoto kwenda shule. Upepo wetu wa Singida mnaujua wenyewe. Ukuta mrefu usio na nguzo, uliosimama kwenye msingi wa kina cha kiganja, unasukumwa na upepo kiangazi chote, kisha masika udongo ukilowa chini yake unalala. Swali ni utalalia upande gani.

Upande wa ndani wa uzio ni wako. Panda maua, egemeza baiskeli, paka rangi unayotaka. Upande wa nje unatazamana na mtaa mzima, na mtaa una haki ya kuulizwa. Ndiyo maana ya kibali, na ukikichukulia hivyo hata safari ya ofisini inakuwa nyepesi kidogo.

Sheria yenyewe si ngeni. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inataka mtu anayeendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango miji apate kwanza idhini ya mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri yake. Ujenzi ni uendelezaji, na ukuta wa tofali ni ujenzi. Wengi hudhani jambo hili ni la Manispaa ya Singida peke yake. Mkoa wetu una halmashauri 7, na miji midogo ya Manyoni, Itigi, Ikungi na Kiomboi inakua kwa kasi kuliko tunavyoitazama. Aliyenunua kiwanja Manyoni kwa sababu ya reli mpya ya SGR, naye anahusika. Walioko kwenye ardhi ya kijiji wana njia yao chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Waanzie kwa serikali ya kijiji, ila wasisahau kuuliza kama eneo lao limeshatangazwa kuwa la mji. Kuna watu wamelala kijijini wakaamka mjini.

Sasa tutazame kile ambacho jicho la fundi halikioni na mchoro wa mipango miji unakiona.

Barabara kwanza. Inayotoka Dodoma inaingia mkoani kwetu, inapita Manyoni, Ikungi, Singida mjini na Iramba kuelekea Nzega na Mwanza. Nyingine inatuunganisha na Babati na Arusha. Kwenye barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5, lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za 2009 zikaongeza. Zile mita 7.5 zilizoongezeka zimewachanganya wengi, kwa sababu mzee wa zamani anakuonyesha mpaka anaoukumbuka, naye hakudanganyi, ila kumbukumbu yake ni ya kipimo cha kale. Wenzetu wa Kimara, Dar es Salaam, waliona mwaka 2017 jinsi Barabara ya Morogoro inavyodai nafasi yake. Alama ya X nyekundu ikishachorwa ukutani, hakuna mjomba wa kumpigia simu.

Halafu kuna barabara ambazo hazijachongwa. Hizi ndizo zinazoumiza watu wa viwanja vipya. Unafika, unaona pori, mbuzi wanakula, njia ya miguu inakata kona. Kwenye mchoro ulioidhinishwa, palepale pana barabara ya mtaa yenye upana wake na mtaro wake, inasubiri siku TARURA watakapopata fedha. Anayejenga kwa kutazama mbuzi anajenga barabarani.

Ziwa je? Tuna bahati ya kuwa na Singidani na Kindai mjini kabisa, na anayepata kiwanja cha kutazama maji jioni hataki kusikia habari ya kusogea nyuma. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na maziwa haya ya magadi hayana mto wa kuyatoa maji. Mwaka wa mvua kubwa yanapanda tu na kuutafuta ukingo wake wa zamani. Bodi ya Maji ya Bonde la Kati ina makao hapahapa Singida. Ni mwendo mfupi kwenda kuuliza, na heri kuulizia nchi kavu kuliko ukiwa umevua viatu.

Nyaya za umeme mkubwa zinazovuka mkoa wetu zina njia yake pia, na chini yake hapajengwi. Mabomba ya SUWASA yanapita mahali ambapo hakuna alama. Nimeona msingi wa uzio ukikata bomba, mtaa mzima ukakaa siku mbili na ndoo vichwani, na mwenye uzio akawa anatoka nyumbani usiku tu.

Lakini nitakalolikazia zaidi ni maji ya mvua, kwa sababu ndiyo yanayovunja ujirani kuliko bikoni. Mji wetu umekaa juu ya miamba. Udongo ni wa kichanga, chini yake jiwe, na mvua ikipiga kwa nguvu maji hayana muda wa kuzama. Yanateleza juu ya ardhi yakitafuta bonde. Yameshazoea kupita uani kwako tangu kabla hujazaliwa. Ukiziba kwa ukuta usio na matundu chini, unamkabidhi jirani wa juu ziwa lake mwenyewe. Naye akitoboa ukuta wako usiku wa manane kwa mtaimbo ili kuokoa magodoro, mtafikishana barazani, na kila mmoja atakuwa na haki yake nusu. Kwa hiyo mchoraji akikuchorea uzio, muulize matundu ya maji yako wapi na yanaelekeza maji wapi. Kama yanamwaga moja kwa moja kwenye mlango wa jirani wa chini, mwambie arudi mezani.

Huo mchoro usiwatishe. Uzio wa kawaida wa makazi hauhitaji vitabu vya michoro kama jengo la ghorofa. Unaonyesha kiwanja na vipimo vyake, mstari wa uzio ukikaa ndani ya bikoni, kimo, kina cha msingi, nguzo ziko kila baada ya mita ngapi, na geti limekaa wapi. Geti lifunguke kwa ndani. Hili dogo linasahaulika, halafu kila asubuhi mwenye bodaboda anakwepa bati la chuma linalofunguka ghafla usoni pake.

Pamoja na mchoro beba uthibitisho kwamba kiwanja ni chako: hati, au barua ya toleo, au leseni ya makazi. Beba stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi. Deni la miaka ya nyuma litakurudisha kutoka dirishani, afadhali ulimalize kwanza. Beba kitambulisho cha NIDA. Maombi ya vibali vya ujenzi sasa yanapokelewa pia kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, na kijana yeyote mwenye simu nzuri anaweza kumsaidia mama yake kujaza, mradi asimjazie kiwanja cha jirani. Ada inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu. Mtu akikuambia umpe fedha mkononi "akuharakishie", huyo ni kishoka hata kama amevaa kitambulisho shingoni. Stakabadhi isiyotoka kwenye mfumo haitakulinda siku mkaguzi atakapokuja.

Kisha subiri waje kuona kiwanja. Nawasihi, siku hiyo muwepo wenyewe. Mwite na jirani. Vuteni futikamba mbele yake, bikoni hadi bikoni, na mumwachie aishike ncha moja. Jirani aliyeshika futikamba huwa hana hamu ya kesi. Na kibali kikitoka, kisomeni chote, maana kinabeba masharti na muda wake. Watu wengi huishia kwenye muhuri.

Asiye na karatasi yoyote asikate tamaa wala asijenge kwa siri. Urasimishaji wa makazi ulioendeshwa nchini kati ya 2013 na 2023 uliacha mitaa mingi ikiwa na michoro, hata pale ambapo wenye nyumba hawakumaliza kuchukua hati. Aulize ofisi ya mtaa kama eneo lake lina mchoro ulioidhinishwa, kisha aende idara ya ardhi na jina la mtaa na mkataba wake wa mauziano. Anaweza kukuta amebakiza hatua mbili.

Na ninyi watumishi wa halmashauri zetu, wito huu una upande wenu. Mwananchi anayekuja mwenyewe kuomba kibali cha uzio ni mgeni wa heshima. Wenzake kumi wamejenga bila kuja. Aliyetoka Mwankoko kwa bodaboda akaambiwa "njoo kesho", kisha kesho akaambiwa afisa yuko saiti, siku ya tatu hatakuja. Atamsikiliza fundi. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishwa mara mbili kwenye dirisha moja kwa karatasi ambayo hakuna aliyenitajia mara ya kwanza. Ilikuwa karatasi moja tu, ingetajwa kwa sekunde tano. Bandikeni ukutani orodha ya vitu vinavyotakiwa, kwa herufi kubwa, na kiasi cha ada kiwe wazi. Pangeni siku ya kila kata ya kukagua viwanja, itangazwe kwa wenyeviti wa mitaa na misikitini na makanisani, ili mtu ajue Alhamisi ni zamu yao na asiende shamba. Na mnapokuta msingi umeshachimbwa kimakosa, jaribuni kumfikia mwenyewe ukiwa bado ni shimo. Kufukia shimo hakugharimu machozi.

Wenyeviti na watendaji wa mitaa, ninyi mnaona mchanga ukimwagwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Lori la mchanga likishusha, pitieni kusalimia. Swali moja la kirafiki, "Bwana, kibali umeshashughulikia?", linaokoa tofali nyingi kuliko barua ya kusimamisha ujenzi.

Mafundi, nanyi nawajua. Siku isiyo na kazi haina unga. Lakini fundi anayemwambia mteja "tukatafute bikoni kwanza" ndiye ninayempigia simu kila mwaka. Yule wa mwarobaini sijamwita tena, ingawa tukikutana sokoni tunacheka.

Ikiwa mambo yameshaharibika na uzio umesimama mahali pa mgogoro, kaeni kwenye baraza la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halihukumu tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na lina siku 30 za kujaribu kabla shauri halijaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zinatosha kabisa watu wawili kutafuta bikoni. Zikiisha, mtaingia kwenye tarehe za kuahirishwa na nauli, na huku ukuta unaendelea kukauka.

Jumamosi hii, basi, kabla hamjaagiza hata mfuko mmoja wa saruji, chukueni jembe na watoto, mzunguke kiwanja kutafuta bikoni zote nne. Mkiikosa moja, msiisimike ya kwenu wala msihamishe jiwe lolote. Mwiteni mpimaji. Bikoni si mali ya mwenye kiwanja, na kuing'oa ni kosa.

Ile ya kwangu iliyokuwa imefukiwa nimeipaka chokaa. Uzio umepita ndani yake kwa upana wa kiganja, na kichochoro cha nyuma sasa kinapitisha toroli la maji la bibi bila kukwaruza popote. Anapita nalo asubuhi na jioni, na asipokuwa na haraka anasimama kwenye geti kuuliza habari za watoto. Kuku wake wameshaizoea ile bikoni. Jogoo mmoja huipanda kila alfajiri na kuwika akiwa pale pale kwenye mpaka, kichwa kikielekea kwangu.